Reli ya Bububu: Je, inawezekana kuifufua?

KASULU na Kibondo hazijawahi kuwa na reli. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwaka 1914 ilipita kusini mwa nyanda hizo, kwa njia ya Malagarasi na Uvinza, na hadi leo mkulima wa Kasulu anayetaka maharage yake yasafiri kwa treni hana budi kuyapakia kwanza kwenye lori. Kisiwa cha Unguja, kisichofikia kilometa 90 kwa urefu, kilikuwa kimekwisha kupata reli mbili kabla ya mwaka huo. Zote mbili zimekufa. Wapo wanaouliza kama ile ya pili, ya kutoka mjini hadi Bububu, inaweza kurudishwa.

Swali hilo lina uzito. Fedha za reli nchini hazitoshi kila mahali, na kilometa moja inayojengwa upande mmoja ni kilometa inayosubiri upande mwingine.

Reli ya kwanza ya Unguja ilijengwa na Sultani Barghash bin Said mwaka 1879, kutoka mjini hadi kwenye kasri lake la Chukwani. Mabehewa yalivutwa na nyumbu, kisha ikaletwa injini ndogo ya mvuke kutoka Uingereza. Ilikuwa reli ya mfalme, si ya umma, na haikudumu baada ya Barghash kufariki mwaka 1888.

Ya pili ilikuwa na shabaha tofauti. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney & Co. ya New York, ambayo pia ilihusika na kuleta taa za umeme mjini, ilifungua reli ya maili saba, yaani takriban kilometa 11, mwaka 1905. Ilianzia Ngome Kongwe, ikapita katika mitaa ya mji, kisha ikafuata ukanda wa pwani kuelekea kaskazini hadi Bububu. Serikali iliinunua mwaka 1911. Usafiri wa abiria ulikoma mwaka 1922, kwa kuwa magari na barabara vilikuwa vimewachukua wasafiri. Katika miaka iliyofuata reli hiyo ilibeba mawe ya ujenzi wa bandari, na kufikia mwaka 1930 ilikuwa imekwisha kufungwa.

Hapa inafaa kusahihisha simulizi moja ambayo watalii husimuliwa sana: kwamba jina la Bububu limetokana na mlio wa gari moshi. Binti wa Sultani, Sayyida Salme, aliandika kuhusu makazi yake ya Bububu katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1886, karibu miaka 20 kabla ya injini yoyote kufika huko. Jina ni kongwe kuliko reli.

Tukija kwenye uwezekano wenyewe, jambo la kwanza ni kwamba neno "kufufua" linapotosha. Upana wa reli ya Bububu ulikuwa futi tatu, yaani milimeta 914. Reli ya Kati ina upana wa milimeta 1,000, TAZARA 1,067 na ile ya kisasa 1,435. Kwa hiyo hakuna injini wala behewa la mtandao wowote wa Tanzania linaloweza kutembea juu yake, hata kama vyuma vingekuwapo. Navyo havipo. Kinachozungumzwa ni reli mpya kabisa katika njia yenye jina la zamani.

Jambo la pili ni ardhi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 893,169 katika Mkoa wa Mjini Magharibi, kati ya 1,889,773 wa Zanzibar yote. Mashamba yaliyozunguka reli ya mwaka 1905 sasa ni nyumba, maduka, shule na barabara. Aidha, Mji Mkongwe umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na kurudisha mataruma mbele ya Ngome Kongwe kungehitaji idhini ambazo si rahisi kupatikana. Treni ingelazimika kuishia nje ya mji wa kale, na abiria angeteremka na kutafuta usafiri mwingine. Daladala namba 502 humfikisha Bububu bila usumbufu huo.

Kwa mizigo hali ni ngumu zaidi. Reli hushinda lori katika safari ndefu, kwa sababu gharama ya kupakia na kupakua hugawanywa juu ya kilometa nyingi. Katika kilometa 11 mzigo hupakiwa mara mbili na kupakuliwa mara mbili, na faida yote huishia kwenye mabega ya wapagazi.

Hata hivyo, mfano wa Mauritius usipuuzwe. Kisiwa hicho kilifunga reli yake mwaka 1964, kisha mwaka 2019 kikafungua treni nyepesi ya umeme ambayo kwa sehemu kubwa inafuata njia ya zamani kati ya Port Louis na Curepipe, umbali wa kilometa 26. Kilichowasaidia ni kwamba sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa bado haijajengwa nyumba, na India ilitoa msaada na mkopo. Mradi uligharimu zaidi ya dola milioni 500 za Marekani. Kwa hesabu ya haraka, ni karibu dola milioni 20 kwa kilometa. Bububu kwa bei hiyo ingefikia dola milioni 220, kabla ya fidia kwa wenye nyumba.

Njia ya tatu ni ya Kisiwa cha Wight, Uingereza, ambako watu wa kujitolea walianza mwaka 1971 kuendesha treni za mvuke kwenye kipande kifupi cha njia iliyofungwa, wakakirefusha mwaka 1991. Hiyo ni biashara ya utalii, si usafiri wa umma. Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 736,000 mwaka 2024, na kipande cha kilometa moja au mbili karibu na magofu ya Maruhubi na Mtoni kingeweza kupata wateja. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hilo ndilo pendekezo pekee la Bububu linalostahili upembuzi, tena kwa mtaji wa watu binafsi.

Fedha za umma zina mahali pengine pa kwenda. Mkataba wa reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma, kilometa 506, ulitiwa saini Desemba 2022, na ule wa Uvinza hadi Musongati nchini Burundi Januari 2025. Njia hiyo ya pili inaelekea kwenye nyanda za Kigoma zenyewe, na kwa wakazi wa Kasulu na Kibondo suala linalobaki ni stesheni zitajengwa wapi na barabara zipi zitaziunganisha na masoko yao.