Hekalu la mashambani ambako wavuvi hugombania upepeo matopeni

KATIKA mji wa Shima, jimbo la Mie nchini Japani, kuna hekalu la Kishinto liitwalo Izawa-no-miya. Ni tawi la hekalu kuu la Ise, na anayeabudiwa hapo ni Amaterasu, mungu wa kike wa jua. Kama yalivyo majengo ya Ise, nalo hujengwa upya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa 2014.

Kinacholitofautisha hekalu hili ni shamba la mpunga lililo kando yake. Hekaya yasema kwamba korongo alionekana huko zamani akiwa na suke la mpunga mdomoni.

Kila Juni 24 miche hupandwa shambani humo kwa ibada, ambayo huhesabiwa miongoni mwa sherehe tatu kuu za upandaji mpunga nchini humo, pamoja na zile za Katori na Sumiyoshi. Mwaka 1990 serikali iliiorodhesha kuwa urithi muhimu wa kitaifa.

Kwanza, vijana wa kiume waliovaa vitambaa vya kiunoni tu hujitosa matopeni kugombania upepeo mkubwa uliofungwa kwenye mwanzi mrefu na kuchorwa jahazi. Wengi wao ni wavuvi. Atakayefanikiwa kuondoka na kipande cha mwanzi huo hukihifadhi kama kinga ya chombo chake baharini. Hivyo basi, sala ya mkulima na ya mvuvi hukutana katika tope moja. Hata wanawake wapiga-mbizi wa pwani hiyo hawaingii majini siku hiyo, kwa imani kwamba papa saba huja kuzuru hekalu.

Kisha wasichana waliovalia mavazi meupe na wavulana hupanda miche huku ngoma na filimbi zikilia.

Kazi hii yote hufanywa kwa zamu na vijiji jirani. Hapo ndipo penye wasiwasi, kwani ibada inayohitaji watoto na vijana si rahisi kuiendeleza mashambani mwa Japani, ambako wazee wanazidi kuongezeka.

Mgeni hushukia stesheni ya Kaminogo na kutembea dakika chache. Huinama langoni, akanawa mikono na kusukutua kinywa. Mbele ya hekalu huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, kisha huinama tena. Shambani haingii, husimama ukingoni.