Beda Amuli, msanifu wa Soko la Kariakoo



Ni wengi miongoni mwetu, hapa Tukuyu na vijijini Rungwe, waliokwisha kusafiri zile kilomita karibu 900 hadi Dar es Salaam na kuingia katika Soko la Kariakoo, ama kwa kuuza ama kwa kununua. Ni wachache mno wanaojua jina la aliyelichora. Aliitwa Beda Amuli. Alizaliwa mwaka 1938, akafariki mwaka 2016, naye huhesabiwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kufuzu usanifu wa majengo. Juma hili tumependa kumkumbuka.

Kwetu sisi ujenzi haukuwa kazi ya wataalamu peke yao. Mwaka 1879 msafiri Mskoti Joseph Thomson alipita nchi ya Wanyakyusa, akastaajabia nyumba za mianzi na udongo na usafi wa vijiji vilivyokaa katikati ya migomba. Kwa mila ya wakati ule, mvulana wa miaka kama kumi hivi aliondoka nyumbani kwa baba yake, akaenda na wenzake wa rika kujenga vibanda vyao kando ya kijiji, ingawa chakula aliendelea kukila kwa mama. (Wazee wetu walikuwa na busara ya kutosha kumtenga mtoto na nyumba bila kumtenga na chungu!) Hivyo kila mwanaume alikuwa mjenzi kabla hajawa baba, na mke alipokuja aliletwa kwenye nyumba iliyokwisha kusimama.

Amuli alijifunza kujenga kwa njia nyingine. Alisoma katika chuo cha Technion, mjini Haifa, Israeli, kisha akarudi nchini na baadaye akafungua ofisi yake mwenyewe. Taifa lilikuwa changa, na michoro ya majengo yake makubwa ilikuwa bado ikitoka mikononi mwa wageni.

Mahali alipopewa kujenga palikuwa na historia nzito. Wajerumani walikuwa wameinua hapo jengo la soko, lakini Vita Kuu ya mwaka 1914 ikazuka kabla halijatumika. Waingereza walipoutwaa mji wakaligeuza kambi ya jeshi la wapagazi, lililoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ndimi za watu zikalifanya jina hilo kuwa Kariakoo. Wanaume wa nyanda zetu hizi nao walibebeshwa mizigo ya vita ile, baada ya majeshi ya Jenerali Northey kuingia Tukuyu mwaka 1916, wakati mji ukiitwa Neu Langenburg. Baba wa familia nyingi hawakurudi. Kwa maoni yetu, jina la soko lile ndilo kumbukumbu kubwa kuliko zote walizopata, ingawa anayelitamka leo hawakumbuki.

Soko jipya lilifunguliwa mwaka 1975. Amuli alikuwa ametazama jinsi watu wetu wanavyofanya biashara tangu zamani, yaani chini ya mti. Basi akapanda miti ya zege: nguzo nene zinazopanuka juu kama miavuli iliyogeuzwa, zikitoa kivuli, zikiacha hewa ipite huru, na kuyakusanya maji ya mvua yateremke ndani ya nguzo hadi kwenye matangi yaliyo chini ya ardhi. Mtu wa Tukuyu, anayejua mvua ni nini, huelewa upesi akili iliyomo humo. Chini kabisa ni pale tunapopaita shimoni, penye biashara ya jumla.

Ya nyumbani mwake tunawaachia walio wake, maana wao ndio wenye haki ya kuyasimulia. Sisi tunamwona katika ule uangalizi wa kibaba kwa mama muuza mchicha ambaye hatamfahamu kamwe: asichomwe na jua, asiloweshwe na mvua, apate hewa.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto uliunguza soko hilo, na wafanyabiashara wengi wakapoteza kila walichokuwa nacho. Miti ya Amuli haikuanguka. Jengo likakarabatiwa, na jingine jipya likainuliwa kando yake. Atakayebahatika kushuka Dar es Salaam, aingie, ainue macho juu ya zile nguzo, na amwombee marehemu Beda pumziko la milele.