Dar–Mwanza kwa ndege: Umbali, muda na hesabu ya msafiri wa Misugusugu

UMBALI wa anga kati ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere (JNIA) jijini Dar es Salaam na Uwanja wa Ndege wa Mwanza ni takriban kilomita 850. Kwa barabara, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, safari hiyo hufikia kilomita 1,150 hivi.

Kilomita 850 hizo ni za mstari mnyoofu. Rubani huongeza kidogo, kwa kuwa hulazimika kupaa kwa kufuata uelekeo wa njia ya kurukia na, wakati mwingine, kuzunguka akisubiri ruhusa ya kutua.

Muda wa angani hutegemea aina ya ndege. ATR 72, ambayo ni ya mapangaboi, husafiri kwa mwendo wa kilomita 500 hivi kwa saa, hivyo hukaribia saa mbili. Airbus A220, jeti ambayo Shirika la Ndege Tanzania (ATCL) lilianza kuipokea Desemba 2018, huzidi kilomita 800 kwa saa. Kwa mwendo huo safari ingekwisha kwa saa moja na dakika chache, lakini kupaa, kushuka na kutembea ardhini huifikisha kwenye saa moja na nusu.

Kwa mkazi wa Misugusugu, Kibaha, hiyo ni sehemu ndogo tu ya safari. Kwanza hurudi nyuma. Mwanza iko magharibi, uwanja uko mashariki, naye hulazimika kupita Maili Moja, Kibamba na Mbezi kabla ya kuchagua: kuendelea hadi Ubungo na kushika Barabara ya Mandela, au kukatiza Malamba Mawili na Kinyerezi hadi Banana. Magari yakisongamana, saa mbili humwishia barabarani. Saa mbili nyingine ni za kuwahi ukaguzi. Ukijumlisha na kusubiri mizigo Mwanza, safari ya saa moja na nusu imekuwa ya saa sita.

Basi la Mwanza, kwa upande wake, hupita barabara hiyo hiyo ya Morogoro likielekea anakokwenda. Hata hivyo, kwa ukomo wa kilomita 80 kwa saa, linahitaji karibu saa 14 za kuendesha tu, bila kuhesabu vituo, mizani na chakula. Kwa anayewahi mazishi, ndege bado inamwokolea saa nane au zaidi, ilimradi asichelewe Kimara.

Jambo la mwisho ni saa yenyewe. Dar es Salaam na Mwanza hutumia majira mamoja, lakini tiketi haihesabu saa kwa Kiswahili: 06:00 ni saa 12 asubuhi, na 18:00 ni saa 12 jioni. Mwenye tiketi ya 06:00 anapaswa kuondoka Misugusugu saa nane usiku.