Mein Swichi, DB au Kisanduku cha Breka?

Mswahili anayeishi Minneapolis akiwapigia simu ndugu zake wa Tanga, akawaambia kwamba fundi anakuja kumbadilishia paneli ya umeme, hatashangaa wakimuuliza kama jua la huko linatosha. Hawajakosea. Tanga paneli hukaa juu ya bati na kazi yake ni kuvuna jua. Mwenzao anazungumzia sanduku la chuma lililofungwa ukutani, lenye safu mbili za swichi nyeusi, ambalo Wamarekani wamezoea kuliita paneli. Nyumba nyingi za zamani huko zilifungwa masanduku ya ampea 60 au 100. Mwenye nyumba akitaka kuchaji gari la umeme huambiwa apandishe hadi 200, na kampuni ya umeme huja kwanza kukata waya wa nje.

Kitu hichohicho, kwa umbo dogo zaidi, kimo katika nyumba nyingi zenye umeme Afrika Mashariki. Jina lake ndilo linalosumbua.

Kwenye maduka ya vifaa vya umeme Kariakoo mteja huagiza "mein swichi ya njia sita". Fundi aliyesomea kazi husema DB, kifupi cha "distribution board". Mwenye nyumba naye, taa zikizimika ghafla kwake peke yake huku jirani zinawaka, hutuma mtoto "akaangalie sakiti breka". Wote watatu wananyoosha kidole kwenye sanduku moja.

Katika maneno hayo, lililo bora ni lile ambalo hakuna aliyelitilia maanani: njia. Umeme unaingia kwenye sanduku mara moja, kutoka kwenye mita, kisha unagawanyika: njia ya taa, njia ya soketi, njia ya jiko, njia ya heta ya kuogea. Anayeuliza "ya njia ngapi?" anauliza swali la kihandisi kwa Kiswahili safi, na jibu lake linaonyesha ukubwa wa nyumba vizuri kuliko idadi ya vyumba.

Mein swichi ni hadithi nyingine. Hilo ni jina la sehemu lililopewa zima. Mein swichi yenyewe ni ile swichi pana, mara nyingi ya ampea 63 au 100, inayozima nyumba nzima kwa mkono mmoja. Ikiwa ni swichi tupu, haina uwezo wa kushuka yenyewe. Waya hata ukichemka ndani ya ukuta itabaki imesimama vilevile. Sasa mwenye nyumba anaposema "nibadilishie mein swichi", fundi mmoja ataleta swichi hiyo tu, mwingine ataleta sanduku zima na vilivyomo. Bei mbili, ugomvi mmoja.

Kinachoshuka chenyewe ni breka. Ndani ya breka ya kawaida ya nyumbani mna walinzi wawili. Wa kwanza ni ukanda wa metali mbili zilizoshikamana, zinazotanuka kwa viwango tofauti zikipata joto. Mzigo ukizidi, ukanda hupinda polepole mpaka ukafyatua kifungo. Mlinzi wa pili ni sumaku ya umeme, naye hana subira: shoti ikitokea, hufyatua ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde. Breka ya aina B, kwa mfano, sumaku yake hufyatua umeme unapofika kati ya mara 3 na mara 5 ya kiwango kilichoandikwa juu yake. Aina C ni kati ya mara 5 na mara 10. Breka ndogo ya nyumbani ilipewa hataza Ujerumani mwaka 1924, kazi ya Hugo Stotz na fundi wake mkuu Heinrich Schachtner, mjini Mannheim. Kabla ya hapo, na hata miaka mingi baadaye, nyumba zilitegemea fyuzi, ambayo hujitoa mhanga kwa kuyeyuka. Wazee waliokaa kwenye nyumba zenye fyuzi za kauri wanakumbuka waya mwembamba uliokuwa ukifungwa upya kila ulipokatika, na ujanja wa kufunga waya mnene ili usikatike tena.

Ujanja huo haujafa, umebadilisha nguo tu. Heta ya kuogea ya wati 5,000 kwenye volti 230 huvuta karibu ampea 22. Ikiwa imeungwa kwenye waya mwembamba wenye breka ya 16, breka itakuwa ikishuka mtu akichelewa bafuni. Fundi wa haraka hubadilisha breka, anaweka ya 40, na nyumba nzima inamshukuru. Lakini waya ni uleule, na sasa wa kuungua kwanza ni huo. Kama breka inashuka kwa haki, cha kubadilisha ni waya, kisha breka ifuate.

Kuhusu tafsiri, tafsiri za mashine na baadhi ya vitabu hutupa "kivunja mzunguko". Ni Kiingereza kilichovalishwa kanzu. Kuvunja ni kuharibu, na kilichovunjika hakirudi kwa kidole. Breka huinuliwa na kazi ikaendelea. Isitoshe, mzunguko kwa msomaji wa kawaida ni wa pesa au wa makutano ya barabara. Kiswahili kimeshachagua kitenzi chake zamani: umeme hukatika, na shirika likiukata watu husema "wamekata". Kwa hiyo mwandishi wa kitabu cha shule anayetaka jina lenye mzizi wa Kibantu ana "kikata saketi", nalo linaeleweka bila maelezo. Mtaani breka itabaki breka, na haina ubaya wowote, ilimradi isichanganywe na breki ya gari.

Sanduku lenyewe basi liitwe kisanduku cha breka. DB ni nzuri kwa mchoro wa mhandisi, lakini mwenye nyumba hawezi kuifungua akaona kilichomo. Kisanduku cha breka kinajieleza, tena kinaiachia swichi kuu nafasi yake.

Kuna kifaa cha tatu ambacho ndicho sababu nzito kuliko zote ya kubadilisha kisanduku cha zamani, na ndicho kisicho na jina la Kiswahili. Mafundi husema RCD. Ieleweke kwamba breka hukinga waya, haimkingi mtu. Breka ya ampea 32 inaruhusu miliampea 32,000 kupita bila wasiwasi, na mwili wa mtu unaweza kuuawa na sehemu ndogo sana ya hiyo. RCD ya kukinga watu hukata kwenye miliampea 30. Inafanya hivyo kwa kulinganisha: umeme unaokwenda kwa waya wa laivu lazima urudi wote kwa nyutro. Ukipungua njiani, maana yake kuna mahali unavuja, labda kupitia mkono wa mtu aliyeshika friji yenye hitilafu, na RCD inakata. Kwa kuwa watu wenyewe husema "umeme unavuja", jina lipo tayari: kikata mvujo. Kina kitufe kidogo chenye herufi T cha kukijaribia, na katika nyumba nyingi kitufe hicho hakijawahi kuguswa tangu siku ya kufungwa.

Kikata mvujo ndicho pia kinachowaletea mafundi lawama. Kisanduku kipya kikifungwa kwenye wayaringi ya zamani, mara nyingi kikata mvujo hushuka papo hapo, na mwenye nyumba anasema amepewa kibovu. Kumbe enzi za fyuzi fundi aliazima nyutro: taa ya ngazini inachukua laivu kwenye njia moja na kurudisha umeme kwenye nyutro ya njia nyingine. Fyuzi haikujali. Kikata mvujo kinacholinda njia moja tu kati ya hizo mbili kikikuta hesabu haitimii, kinakata, na kina haki. Dawa ni kuzitenganisha nyutro, kazi inayoweza kumaliza siku nzima. Kukiruka kifaa kwa kipande cha waya ni kazi ya dakika tano, na ndiyo maana baadhi ya nyumba zina vikata mvujo vya mapambo.

Jambo jingine ni ule waya unaotoka kwenye mita. Kuzima swichi kuu hakuuzimi. Unabaki na umeme hadi kwenye skrubu za kuingilia, palepale fundi anapotaka kuingiza bisibisi. Mita na lakiri yake si vya mwenye nyumba wala fundi, kwa hiyo anayetakiwa kukata huko juu ni shirika la umeme lenyewe. Fundi naye awe na leseni ya mamlaka ya udhibiti wa nishati: Tanzania hutolewa na EWURA, Kenya na EPRA.

Karatasi ya makubaliano isiandikwe "kubadili mein swichi". Iandikwe: kisanduku cha breka cha njia nane, swichi kuu ya ampea 63, kikata mvujo cha miliampea 30, breka za taa ampea 6, za soketi na heta kwa kadiri ya unene wa waya uliopo, ufito wa eathi kupimwa, na nyutro zilizochanganyika kutenganishwa kwa bei iliyokubaliwa kabla kazi haijaanza.