Azimio la Musoma na Njia ya Kambini

Azimio la Arusha lina mnara na makumbusho yake. Mdogo wake, Azimio la Musoma, lililotimiza nusu karne Novemba 2024, limebaki zaidi kwenye maswali ya mtihani wa historia. Wanaolikumbuka hutaja watoto wote kuandikishwa darasa la kwanza ifikapo 1977, kisha wananyamaza.

Kumbe Halmashauri Kuu ya chama tawala, TANU, ilipoketi Musoma mwaka 1974, iliwagusa na wakubwa. Mhitimu wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja: apitie kwanza Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), afanye kazi walau miaka miwili, ndipo chama na mwajiri wamwombee nafasi. Chuo kikuu kikawa elimu ya watu wazima, na njia ya kukifikia ikapita kambini.

Nyuma ya uamuzi huo kulikuwa na ugomvi wa zamani. JKT ilianzishwa Julai 1963, na mwaka 1966 Serikali ikataka wasomi nao waitumikie: miezi mitano kambini, kisha miezi 18 kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Oktoba 22, wanafunzi wa chuo kikuu wakavaa majoho yao na kuandamana hadi Ikulu wakipinga makato hayo. Mabango yao yalimchoma Rais, Mwalimu Nyerere, hasa lililosema afadhali ukoloni. Alikuwa mtoto wa Butiama aliyeanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akiwa na umri wa miaka 12. Elimu kwake ilikuwa deni. Wanafunzi karibu 400 wakarudishwa makwao. Papo hapo akaugeukia mshahara wake mwenyewe, akaukata asilimia 20. Ni rahisi leo kumwona mkali, lakini ni wakubwa wangapi wameanza kwa kujikata wao?

Mkoa wa Mara, ulipo mji wa Musoma, haukuhitaji kufundishwa kwamba mtu mzima anaweza kukaa darasani. Ulikuwa miongoni mwa mikoa minne ya Ziwa iliyofanyiwa majaribio ya kisomo chenye manufaa na UNESCO kati ya 1968 na 1972, kwa vitabu vya kusoma vilivyozungumzia pamba, samaki na mifugo. Ngumbaru, wanafunzi hao watu wazima, hawakujengewa majumba. Waliazima madarasa ya watoto jioni, au walikaa chini ya mti. Mwaka 1975 vikaanza vyuo vya maendeleo ya wananchi, kwa mfano wa Sweden. Musoma ikapata chake, na Bunda ikapata Kisangwa.

Sharti la kazi kabla ya chuo liliondolewa 1984. Vijana waliotakiwa JKT kwa mujibu wa sheria waliacha kwenda kambini 1994, wakarejeshwa 2013, safari hii kwa miezi mitatu.

Rwamkoma, kambi ya JKT wilayani Butiama, ni moja ya zinazowapokea. Makuruta hao wametoka kumaliza kidato cha sita. Kusoma si shida yao. Mama wa kijiji cha jirani asiyejua kuandika jina lake bado anasubiri watoto watoke darasani, na katika mipango ya kambi hizi ni nadra kumsikia mtu akimtaja.