Luizi: Jiwe la Mbinguni na Mawe ya Nyumbani

Kaskazini mwa Lubumbashi, katika eneo la Katanga nchini Kongo, kwenye uwanda wa juu wa Kundelungu, ardhi imechora duara lenye upana wa kilomita 17. Anayesimama ndani yake haoni duara, anaona vilima na miti tu. Lakini picha zilizopigwa kutoka angani zinaonyesha kingo zilizoinuka, ndani yake pete nyingine ya kilomita 5 hivi, na katikati kabisa pete ndogo ya karibu kilomita 2. Mahali hapo panaitwa Luizi.

Duara hilo lilitajwa katika ripoti ya kijiolojia ya Kijerumani mwaka 1919. Ilipita karibu miaka tisini bila mtu kuthibitisha lilivyotokea, maana umbo la duara peke yake si ushahidi. Volkano huacha duara, na hata mawe yaliyosukumwa kutoka chini kisha yakalika kwa mvua hubaki na umbo hilo.

Mwaka 2010 mtafiti Ludovic Ferrière alifika Luizi. Mwaka uliofuata yeye na wenzake, Gordon Osinski wa Kanada na wanajiolojia wa Kongo François Lubala na Pierre Kaseti, walitangaza jibu: hapa kilianguka kimondo. Luizi ikawa kreta ya kwanza ya kimondo kuthibitishwa Afrika ya Kati.

Walijuaje? Kimondo kinachoweza kuchimba kreta kubwa kiasi hicho, kikigonga ardhi kwa mwendo wa kilomita nyingi kwa sekunde moja, karibu chote hugeuka mvuke. Kwa hiyo ushahidi ulikuwa katika mawe ya mchanga ya Katanga yenyewe. Baadhi yalikuwa na michirizi iliyotawanyika kutoka nukta moja kama nyuzi za ufagio. Chini ya darubini, punje za kwatzi zilionyesha mistari myembamba iliyolala sambamba, ambayo volkano haiwezi kuichora. Mawe hayo yana umri wa miaka milioni 575 hivi, kwa hiyo kimondo kilianguka baadaye.

Kuyasoma mawe hivyo ni funzo kwa mji wetu wa Lubumbashi, mji wa mawe. Tangu tanuru la kampuni ya Union Minière lilipoanza kuyeyusha shaba mwaka 1911, mabaki yake meusi yalirundikwa mpaka yakawa mlima, ule terril unaosimama kando ya bomba refu la moshi. Mabaki hayo, mavi ya shaba, ni meusi, ni mazito na yana chuma ndani. Anayeokota kipande chake mbali na terril anaweza kuapa kwamba kimetoka mbinguni.

Kigeuze ukitazame vizuri. Kina vitundu vya mapovu? Basi kimetoka tanuruni, kwani ni nadra sana kimondo kuwa na mapovu. Kikwaruze nyuma ya kigae, upande usiong'arishwa. Kikiacha alama nyekundu ya kahawia, ni hematiti, madini ya chuma ya kawaida. Kikiacha nyeusi, huenda ni magnetiti. Kimondo aghalabu hakiachi alama. Vimondo vingi huvutwa na sumaku, lakini magnetiti nayo huvutwa, kwa hiyo sumaku haitoshi kukata shauri. Kimondo kilichoanguka karibuni huwa na ganda jeusi, jembamba kama ganda la yai, na pengine mabonyeo kama ya vidole kwenye udongo mbichi.

Katanga inahitaji tahadhari moja zaidi. Ardhi iliyotoa urani ya mgodi wa Shinkolobwe ina jiwe jingine jeusi na zito kupita kiasi, nalo lina mionzi. Jiwe usilolijua usililaze chumbani wala usiwape watoto walichezee.

Jirani zetu wa Tanzania wanacho kimondo cha Mbozi, bonge la chuma linalokadiriwa kufikia tani 16. Wenyeji walikuwa wakilijua kabla ya mpima ardhi W. H. Nott kulitangaza mwaka 1930. Ndani ya chuma chake mna nikeli, karibu asilimia 9. Chuma cha ardhini kwa kawaida hakina kiasi hicho, na kipimo cha nikeli ni mmoja wa waamuzi wa maabara.

Anayeokota jiwe la ajabu na aandike mahali na siku, asilivunje, kisha alipeleke kwa wanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Huenda akaambiwa ni hematiti. Asione haya: waliothibitisha Luizi hawakuibeba nyota mikononi. Waliyasoma mawe ya Kundelungu mpaka wakajua yapi yaliumizwa na mbingu. Mchimbaji wa Katanga, anayetofautisha malakiti ya shaba na heterojeniti ya kobalti kwa kuyatupia jicho tu, ameshaianza elimu hiyo.