Nani Atamkomboa Binti?

Njaa ya 1898 na 1899, ambayo Wakamba waliiita Yua ya Ngomanisye, ilipobana Machakos, familia nyingi ziliwaweka mabinti zao rehani kwa Wakikuyu waliokuwa na chakula. Mvua ikirudi, baba au mjomba angepeleka mbuzi amkomboe. Si desturi ya kujivunia. Wako ambao hawakukombolewa kamwe. Waliolewa hukohuko, na ugomvi juu yao ukabaki. Ila ukoo ulijua binti yuko boma gani, na anadaiwa nini.

Pwani, utaratibu ulikuwa mwingine. Mwaka 1875 wamishonari wa Church Missionary Society (CMS) walianzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, kuwapokea watumwa waliookolewa majahazini na manowari za Uingereza. Walipewa makao, shule na ubatizo. Wengi walikuwa Wayao na Wanyasa, na kwao kulikuwa mbali mno. Minyororo iliondoka, jamaa hawakupatikana.

Msichana wa Mwala au Yatta, huko Machakos, anayekwenda Saudia leo huambiwa na wakala kwamba halipi kitu: tiketi na viza amegharimia mwajiri. Deni linazaliwa hapo. Akitaka kuondoka kabla ya mkataba wa miaka 2 kwisha, anaambiwa arudishe gharama hizo, na pasipoti mara nyingi anayo mwajiri. Hii ni rehani tena, na mbaya kuliko ya njaa, kwa kuwa waliobaki nyumbani hawakuelezwa masharti.

Sheria ya Kenya ya 2010 dhidi ya ulanguzi wa binadamu ni kali: kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Iliunda pia mfuko wa kuwasaidia waathiriwa. Miradi ya kuwasaidia nayo hupenda kuhesabu: waliookolewa wangapi, waliofunzwa ushonaji wangapi. Hesabu hizo zinafaa, lakini kwa maoni yangu zinapima Freretown, yaani mlango wa kuingilia. Mimi ningepima mwaka wa pili baada ya binti kurudi. Cherehani bado iko kwake, au imeuzwa kulipia mkopo wa chama? Kina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi, wanamwita kulima nao, au wananong'ona kwamba alirudi mikono mitupu? Mkaguzi wa mradi aanze kwa mweka hazina wa chama, aende kwa mama mzazi, na ripoti ya ofisi aisome mwisho.